Bomba ya Pikipiki Ilikuwa Baridi

Ngoie yangu, mutoto wa kwanza wa tumbo yangu,

Umetoka sasa hivi kuaga tantine yako kule Annexe, na mimi nimeikala ku ile meza yenye ulifanyia kazi ya masomo toka uko mudogo. Najua utakawia, juu tantine yako hawezi kuachilia muntu bila kumulisha. Ni muzuri. Maneno yenye nataka kukuambia haipite mu kinywa yangu. Unanijua: nikifungua kinywa, kujisifu njo inatoka kwanza, na kesho asubui, bantu ya avenue yote bakiwa pale ku mulango, nitajisifu mpaka bachoke. Kwa hiyo naandika.

Usicheke mwandiko. Niliachia masomo mwaka ya sita ya primere, lakini ile mwaka nilikuwa wa kwanza, mu darasa yenye ilikuwa na batoto ya bakubwa ya reli. Mwalimu alinipatia kalamu ya rangi mbili mbele ya bote. Mama Ilunga wa jirani atakuambia nilikuwa wa tatu. Mama Ilunga hakufika hata mwaka ya ine.

Sitakuambia ufunike chakula, wala upige magoti mbele ya kulala, wala ujichunge na bashofere ya mpaka. Ile nilikuambia toka uko na meno ya maziwa. Kama haikuingia, barua haitaiingiza.

Kitu moja kwanza, juu usishangae kesho. Toka juzi tena sisikii kitu. Bantu banauliza, “Mama Ngoie, moyo inakuuma?” Nasema ndiyo, juu njo jibu yenye banangojea. Lakini haiumi. Iko pale tu, sawa muguu yenye umelalia vibaya. Leo nilikata bitunguu ya mboga, ile midogo kali, macho ikaikala kavu. Siku ya kumuzika papa yako ilikuwa vilevile, bantu bakasema Mama Ngoie iko na nguvu. Haikuwa nguvu. Kesho ukiona macho yangu kavu, usifikiri kwamba sioni unaenda.

Sasa, pikipiki.

Ile siku uliingiza pikipiki yako mu lupango, mu uwanja ya nyumba yetu, nilisikia sauti mbele ya kuiona. Sauti ya pole, ya muzee anasafisha koo. Siyo kelele ya hizi pikipiki mupya ya bamanseba, ba vijana ya taxi, yenye inalia sawa nyuki mu kopo. Nikatoka na unga ku mikono. Tanki rangi ya divai, taa ya mviringo, kiti ndefu yenye ilishonwa tena na tena. Pikipiki ya wakati ya Zaïre, ilikuwa inatembea mbele wewe uzaliwe. Nikakuuliza:

“Mutoto, feza yote yenye ulichunga, umeenda kununulia babu?”

Ukanijibu: “Mama, babu iko na mifupa. Hizi za leo ni ngozi tu.”

Nilicheka, nikaingia mu nyumba. Nilipofika mu nyumba sikukumbuka nilikuwa nafuata nini. Ni sauti ya papa yako ilitoka mu kinywa yako, na maneno yake kabisa.

Sikulaumu kwa kununua ya zamani. Mwingine atakulaumu. Najua kwa nini unaitaka: iko muzuri, na fundi yoyote wa kijiji anaweza kuifungua na funguo mbili na nyundo. Na najua yenye inakungojea. Kule santre ya afya upande ya Sakania balikuambia wazi: infirmiere wa kutunza bagonjwa mwenye iko na pikipiki yake njo ataikala ku ile kazi, juu bijiji iko mbali na santre haina kitu ya kubeba muntu. Siku pikipiki inakufa, kazi yako inaenda kwa mwingine. Mwanamuke wa kwanza wa avenue yetu kuvaa ile robe nyeupe! Nimelisema kwa kila muntu mwenye alikuja kununua unga kwangu, hata kwa wale balikuja kuuliza bei tu. Na robe yote hii inaning'inia ku cheni ya pikipiki. Njo inaniamusha usiku, hata kama moyo haisemi kitu. Kichwa inaamuka peke yake.

Kwa hiyo nikuambie ya pikipiki ya papa yako. Unaikumbuka nusu. Hii ni nusu ingine.

Alinunua kwa muzee moja wa reli mwenye alikuwa anarudi kwao Kabongo. Ulikuwa na miaka sita hivi. Mbele ya kulipa, aliipeleka kwa Fundi Ramazani, pale ku kona, mu ile kontena ya bulu. Unamujua Fundi: mutoto wa bantu ya Maniema, anaswali kila saa yake, na katikati ya swala na swala anatukana makarbiratere, zile za kuchanganya mafuta mu motere. Akasikiliza motere, akaweka sikio karibu sawa muganga, akasema:

“Papa Ngoie, pikipiki ya zamani unanunua mara mbili. Mara ya kwanza kwa mwenye anaiuzisha. Mara ya pili kwangu mimi. Kama uko na feza ya mara moja tu, nunua baiskeli.”

“Mara ya pili ni lini?”

“Hii? Segma imechoka.” Segma ni zile pete ya chuma zinafunga pistoni mu motere, papa yako alinielezea. “Inatembea bado, lakini inatembea juu ya huruma ya Mungu. Mbele ya mvua kuisha, utaniona.”

Papa yako alikuwa muntu wa kusikia. Alilipa muzee, kiisha akaweka feza ya mara ya pili mu kopo ya maziwa, juu ya kabati, nyuma ya picha ya ndoa. Aliniambia: “Hii haiko yetu. Hii ni ya segma.” Nikasema sawa. Mimi mwenye nilikuwa wa kwanza mu hesabu, nilisikia sawa muntu anasikia redio ya jirani.

Juu kichwa yangu ilikuwa ku arozaje. Unajua vile tuko. Kwetu kitu ya chuma haiingie mu lupango kavu. Friji, masini ya kushona, mabati ya juu ya nyumba: bantu bakuje, bamwage kidogo chini, bamwage mingi mu koo, baseme “iishi sana.” Kama hukufanya, siku inaharibika banasema, “Si iliingia kavu?” Papa yako alitaka arozaje ya kidogo, ndugu yake na Fundi. Mimi niliita kwaya yangu yote ya kanisa. Na muntu wa kwaya hatembei peke yake, anakuja na bume, na dada ya bume.

Nilivaa pagne, kitenge ya rangi ya chungwa, ile yenye maua makubwa. Pikipiki tuliisimamisha katikati ya lupango na kitambaa nyeupe ku taa, sawa bibi arusi. Nilipita katikati ya bantu na sahani, kila muntu nilimuonyesha: “Gusa tanki. Gusa, haitakuuma.” Jua ilikuwa bado juu na kinywaji ikaisha. Mama Ilunga akapindua chupa yake, akatikisa, akasema kwa sauti ya soprano:

“Mama Ngoie, mbona kinywaji iko ya baiskeli? Tulisikia tunakuja kuarozea pikipiki!”

Kwaya yote ikacheka, na sauti zote ine. Ile kicheko iliniingia mu mbavu. Nikageuka, nikaita mbele ya bote:

“Papa Ngoie! Leta ingine! Ama sisi ni bantu ya kuhesabu machupa?”

Akaniangalia. Alijua mu mufuko hakuna kitu, na alijua ninajua kwenye iko kitu. Kama ningemuomba mu chumba, angekatala. Mbele ya bantu, mwanaume anaweza kukatala nini? Akainuka pole, akapangusa suruali ku magoti, mukono huu, mukono huu, akaingia mu nyumba. Nilisikia kifuniko ya kopo ikifunguka. Kiisha tulikunywa mpaka giza, na bantu bakasema arozaje sawa ile haijaonekana mu Kampemba yote. Ilikuwa kweli. Mpaka leo haijaonekana.

Kiisha tulikuwa na wakati muzuri, sikatale. Kila Jumapili nilipanda nyuma, miguu upande moja, nikimuambia, “Usipite ku njia mufupi.” Tulizunguka soko yote ndiyo tufike ku kanisa. Wewe ulikuwa mbele, juu ya tanki, ukishika taa na mikono mbili.

Mvua ilikuwa haijaisha, vile Fundi alisema. Siku moja motere ikakamata, ikakatala kuzunguka, akitoka kazini. Aliniambia, “Imechoka kidogo, Fundi ataangalia.” Kesho yake alirudi nayo. Nikauliza, “Imepona?” Akasema, “Iko sawa.” Sikuuliza na feza gani.

Toka ile siku akaanza desturi mupya. Asubui alivaa kaske ya pikipiki ku kichwa, akasukuma pikipiki kimya mpaka inje ya lupango, mpaka anapita kona. Majirani bakamuuliza, akasema, “Naiamushia kule mbele. Hapa batoto banalala.” Ah, vile bamusifu! Bakasema bume ya Mama Ngoie njo muntu, haiko sawa bamanseba yenye banaamusha hata bamufu. Na mimi ile sifa niliikula asubui na chai.

Ni wewe ulijua wa kwanza.

Ilikuwa mwezi ya sita, ile baridi yetu yenye inakata midomo. Mbele, papa yako akirudi kazini, ulikuwa unakimbia kuweka vidole karibu na bomba ya moshi, unaipasha. Ile magaribi ulikimbia, ukaweka vidole karibu, karibu zaidi, kiisha ukaishika kabisa na kiganja. Nikapiga kelele utaungua. Ukageuka:

“Mama, bomba iko baridi.”

Papa yako akasema, “Ni upepo ya njia inaipoza.”

Ukasema, “Hapana, papa. Iko baridi sawa ndoo.”

Mama Ilunga alikuwa ku lupango, alikuja kukopa chumvi. Nikakushika sikio, nikalizungusha. “Mutoto hasahihishe mukubwa! Enda ukachote maji.” Ulilia mpaka ku robine. Kesho yake papa yako akaingia, ukakimbia, ukaweka mukono ku bomba, ukaniangalia. Ukainua mukono, ukaingia mu nyumba. Ulikuwa mudogo vile, na tayari ulikuwa umejifunza kunyamaza mu nyumba yangu.

Kiisha na mimi nikaona. Nilitoka mapema kutafuta mahindi mbele bei ipande. Nilikuwa nimevaa ile pagne ya chungwa juu ya sweta. Karibu na kontena ya Fundi kulikuwa magunia ya makala yenye yalipangwa, na pale nikamuona papa yako akifika, anasukuma. Fundi akafungua mulango bila hata salamu, sawa muntu anafungua mulango kwa mwenye anakuja kila siku. Pikipiki ikaingizwa. Papa yako akatosha kaske, akaitundika ku usukani. Akaikala juu ya pine ya zamani, akatosha viatu yake ya kazi, akavaa sandali yenye ilikuwa mu sakoshi yake, akaweka viatu mule ndani pole pole, visikwaruzike. Akaanza kutembea na miguu kwenda kazi yake ku reli.

Na magaribi angerudi na miguu mpaka pale, avae viatu, avae kaske, asukume babu yake mpaka ku mulango yangu. Ili mimi niendelee kujisifu.

Nilikuwa nyuma ya makala. Ningeita tu, “Papa Ngoie.” Maneno mbili, na ile kitu yote ingeisha, tungeiuzisha, tungecheka. Sikuita. Nilienda kununua mahindi, na nilipata bei muzuri.

Haikuishia pale. Magaribi akaingia na kaske ku kichwa, jasho ku shingo. Mama Ilunga alikuwa pale. Na mimi, mwenye nimeona, nikasema kwa nguvu: “Yangu huyu amefika. Yenu bangali njiani na miguu.”

Nilisema ile baada ya kuona. Mbele ya kuona ilikuwa ujinga, na ujinga Mungu anasamehe bei rahisi. Baada ya kuona, sijui bei.

Mwisho aliiuzisha kwa bantu ya kununua vyuma ya zamani. Nikaambia majirani tunangojea gari. Ile gari, Ngoie, mpaka leo iko njiani. Labda na yeye anatembea na sandali.

Hatukusemezana juu yake hata siku moja, miaka yote, mpaka pression, ile ugonjwa ya damu kupanda, ikamupeleka. Baada ya matanga Fundi Ramazani alikuja na ile kaske, alikuwa ameichunga mu kontena. Nikamuambia, “Fundi, nilimuona siku moja. Yeye hakujua.” Fundi akaangalia chini.

“Mama, alijua. Magunia ya makala haiwezi kuficha pagne ya rangi ile.”

“Alisema nini?”

“Nilimuambia: bibi yako ameona, acha hii mateso. Akasema: ‘Muache. Anafurahi.’”

Nilimupatia Fundi chai. Nilitia sukari, nikakoroga, nikaangalia ile kijiko inazunguka. Njo ile wakati muguu ililala kabisa, nafikiri, na haijaamuka vizuri.

Sasa Jumapili hii imepita. Ulikuwa hutaki arozaje, uliniambia vizuri kabisa: “Mama, feza yenye imebaki ni ya garnitire ya freni, zile za kushika gurudumu, na cheni. Fundi amesema.” Nikasema ndiyo, kidogo tu, ndugu tu. Kiisha nikaita kwaya. Usiniulize kwa nini. Muntu anaweza kujua shimo na jina yake na bado muguu inaenda.

Bakakuja. Bakaimba. Pikipiki yako ilikuwa katikati, na kitambaa nyeupe. Nilipita na sahani. “Gusa tanki. Mutoto wangu njo ataiendesha yeye mwenyewe mpaka Sakania.” Na kinywaji ikaisha, na Mama Ilunga, sasa hana meno ya mbele lakini ulimi iko kamili, akapindua kopo yake:

“Mama Ngoie! Infirmiere muzima, na tunakunywa sawa bagonjwa?”

Bakacheka. Na nikasikia sauti yangu inatoka, sikuituma: “Ngoie! Leta ingine!”

Ukaniangalia. Ukainuka pole. Ukapangusa nguo ku magoti, mukono huu, mukono huu.

Hakuna mwenye alikufundisha ile. Wakati papa yako aliifanya, wewe ulikuwa unacheza inje na batoto ya kwaya. Umezaliwa nayo.

Nikasema: “Ikala.”

Ukafikiri hujasikia. Nikarudilia: “Ikala, mutoto. Kinywaji imeisha.”

Mama Ilunga akasema, “Imeisha? Kwa Mama Ngoie?”

“Kwa Mama Ngoie. Maji iko ku robine.”

Kiisha bakaanza kutafuta viatu yao, moja moja. Nilisikia moja ku mulango akisema, “Ile feza ya kwenda shule ya ba-infirmiere imebamaliza.” Toka Jumapili banasema mu soko Mama Ngoie amefilisika. Mimi! Baache baseme. Haikuniuma, na sikusikia kwamba nimeshinda pia. Wewe ulikuja kunishika paji ya uso na nyuma ya mukono, sawa unashikaka bagonjwa, ukauliza kama nina homa. Jibu njo hii barua.

Jumatatu nilichukua mapagne yangu matatu ya Hollande, nikayauzisha kwa mwenye alikuwa anayatamani toka zamani. Sitakuambia ni nani, lakini kesho utaona moja ku kiuno ya Mama Ilunga. Nikaenda ku kontena. Nikaweka feza juu ya benchi, katikati ya mabulon. Fundi akaangalia feza, akaniangalia.

“Mama Ngoie, leo umekuja kulipa mara ya pili ya pikipiki gani?”

Nikamuambia, “Ya zote mbili.”

Akatukana karbiratere fulani yenye haikumufanyia kitu, akaanza kutafuta vifaa.

Garnitire na cheni ameisha kuviweka, wakati ulikuwa umelala. Ingine iko mu ile furushi chini ya kitanda yako: segma, kable, bujii ya kuwashia motere, pine ya ndani, na funguo zenye zinaingia ku pikipiki yako. Nimeifunga na pagne ya chungwa. Usiivae. Ni ya kufungia vyuma, njo kazi yake sasa.

Ile furushi ni mwanzo tu. Mushahara ikiingia, mbele ya kununua hata sabuni, tosha feza ya pikipiki, na iweke mbali na ya esanse, mafuta ya kutembelea. Hizi mbili zisikopeshane. Esanse iko na mudomo, kila siku inasema “ni mimi ya lazima,” na ni kweli, lakini itakula ndugu yake. Usingojee iharibike ndiyo utafute. Ya kuharibika haijui tarehe ya mushahara. Na fundi wa kule akibadilisha kitu, lomba akurudishie kile alitosha, ukishike mu mukono wako. Babu yako iko na mifupa ya kweli, kuna bantu bataiba mifupa bakuwekee ngozi.

Na bantu ya Sakania nao batakuambia: “Infirmiere, arozaje iko wapi?” Batacheka vizuri, batakupenda, na ni muzuri kupendwa. Sema imefanyika kwetu. Haitakuwa uongo. Kesho asubui mbele ya bantu kuamuka nitakuamusha. Niko na munkoyo, kinywaji yetu ya mahindi, kidogo mu kopo, niliipika mwenyewe, na unajua munkoyo yangu. Tutamwaga kidogo ku pine ya mbele, yenye itabaki tutakunywa wewe na mimi, wima, bila kwaya. Kiisha batakuja, na nitapiga kelele, nitaonyesha bantu robe yako. Ile siwezi kuacha. Niache, sawa papa yako aliniacha, lakini wewe usiilipie.

Kaske yake nimeipangusa. Fundi aliweka kamba mupya. Kama iko kubwa, tia kitambaa.

Barabara ni murefu. Usikimbie. Ukifika, usinipigie simu kusema “Mama, nimefika salama.” Kila muntu anasema ile, hata mwenye ametembea na miguu. Shuka kwanza. Weka mukono karibu na bomba ya moshi, karibu tu, usishike. Kiisha nipigie uniambie vile iko. Na miezi yenye inakuja, kila wakati nikikuuliza, uniambie vilevile. Kama iko na moto, nitaambia avenue yote. Na kama iko baridi, Ngoie, hata kama unasikia sauti ya Mama Ilunga pembeni yangu, sema baridi.

Sitakushika sikio.

Mimi mama yako, wa kwanza mu darasa ya sita,
Mama Ngoie